Shajara ya mradi: watu wanne, kozi ya AST 2 na redio inayosema Kiswahili

Novemba 9

Mradi huu una watu wanne na pikipiki nne za theluji, zile zenye ski mbele na mkanda mpana nyuma badala ya magurudumu. Sote tunaishi Calgary, na kila majira ya baridi tunapakia pikipiki kwenye matela na kuvuka kwenda British Columbia, kwenye safu za Selkirk na Monashee zinazouzunguka mji wa Revelstoke, mwendo wa saa tano hivi kama barabara haijafungwa. Msimu uliopita tulimaliza AST 1, kozi ya siku mbili inayompa mtu wa kawaida misingi ya kujikinga na maporomoko ya theluji. Mwishoni mwa Januari tutafanya AST 2, ya siku nne, ambayo mkufunzi wetu ameiandaa kwa ajili ya waendeshaji wa pikipiki badala ya watu wa ski, wanaopanda na kuteleza kwa miguu yao. Mtaala wa kozi zote mbili ni wa Avalanche Canada, shirika lenye makao yake hapo hapo Revelstoke.

Mkubwa wetu kwa umri anatoka Bukavu nasi tunamwita Mzee, ingawa mlimani hakuna kijana anayemfikia. Dada anatoka Mombasa, ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, na ndiye mwenye subira kati yetu. Wa mwisho tunamwita Mdogo. Mama yake ni wa Tanga, lakini yeye amekulia Calgary, kwa hiyo Kiswahili anakielewa chote na kukisema nusu. Mimi ninayeandika ninatoka Rungwe, mkoani Mbeya.

Tumejiwekea malengo mawili yanayoweza kupimwa kabla ya kozi. La kwanza ni kumpata na kumfukua mtu aliyezikwa kina cha mita moja ndani ya dakika 10. Muda huo hatukuuokota hewani: takwimu za Uswisi zilizochapishwa mwaka 2024 zinaonyesha kwamba kati ya watu 10 waliozikwa kabisa na kufukuliwa ndani ya dakika 10, takribani 9 hupona, na kwamba ikifika dakika ya 30 wanaopona ni 3 hivi. Lengo la pili ni kuwa na maneno machache ya Kiswahili ya kutumia kwenye redio ya upepo, yasiyokuwa na maana mbili, kwa sababu mwaka jana tuligundua kwamba tukishtuka kila mmoja wetu hurudi kwenye lugha aliyolelewa nayo, na lugha inayotukutanisha wote wanne ni Kiswahili.

Novemba 16

Tulikutana kwenye bustani moja ya jirani, bila theluji, tukaigiza uokoaji. Nilikuwa nimeficha bikoni, yaani kile kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi kinachovaliwa kifuani, chini ya lundo la majani makavu. Dada aliipata haraka, akachomeka ufito, ile fimbo ndefu ya kumpapasa aliyezikwa, akapiga kelele, "Koleo! Leta koleo!" Mdogo alitimua mbio hadi kwenye gari, akafungua sanduku la vifaa, akarudi anahema akiwa ameshika koleo kweli, ile ya kukatia waya. Kwa mama yake wa Tanga, koleo ni hiyo. Kwa Dada, koleo ni kitu cha kuchotea mchanga. Mzee naye alikuwa na neno lake lililotoka kwenye Kifaransa.

Tulicheka hadi watu waliokuwa wakitembeza mbwa wakatugeukia, kisha tukakaa chini na kazi ya kweli ikaanza. Chombo cha kuchimbia kitaitwa beleshi, na neno koleo halitasikika mlimani kwa maana yoyote ile. Theluji iliyoshikana na kuweza kuporomoka kwa pamoja kama slabu itaitwa bamba. Kwa ule umande unaoganda juu ya theluji usiku wa anga tupu, ukasimama kama manyoya membamba, nilipendekeza sakitu, neno ambalo wakulima wa Njombe na Kitulo wanalijua vizuri kwa jinsi linavyowaunguzia viazi. Mzee hakuwahi kulisikia, lakini alilipenda kwa sababu halifanani na neno jingine lolote tunalolitumia. Theluji ya chembechembe isiyoshikana, inayojengeka chini kabisa karibu na ardhi, itaitwa sukari, jina ambalo hata Wakanada wanaitumia kwa lugha yao.

Novemba 23

Jaribio la mwingiliano wa mawimbi. Bikoni zote hutumia masafa ya kilohezi 457, na kanuni tuliyofundishwa ni kuziweka umbali wa sentimita 20 kutoka kifaa chochote cha umeme zinapotuma, na sentimita 50 zinapotafuta. Glavu za Dada zina waya za joto na betri kwenye kifundo. Alipozishikilia zikiwa zimewashwa huku akitafuta, mshale ulianza kuyumba na namba za umbali zikapanda na kushuka bila mpango. Alipozima, mshale ukatulia. Tulirudia mara tano na matokeo hayakubadilika. Simu ya Mdogo iliyokuwa kwenye mfuko wa kifuani ilileta vurugu ileile kwa kiasi kidogo. Kuanzia leo, neno "Poromoko" likisikika redioni, hatua ya kwanza ni kuzima injini zote, ya pili ni kuzima glavu na simu, na bikoni inageuzwa kuwa ya kutafuta baada ya hapo.

Desemba 7

Zoezi la kwanza kwenye theluji halisi. Tulizika mfuko wenye bikoni kina cha mita moja na kupima muda kwa saa. Jaribio la kwanza: dakika 14 na sekunde 40. Ishara ya kwanza ilipatikana baada ya dakika mbili, na ufito uligusa mfuko dakika ya tano. Muda wote uliobaki, zaidi ya dakika 9, ulikwenda kwenye kuchimba.

Hapo ndipo tulipokuwa tukijidanganya. Watu hununua bikoni ya bei kubwa na kuamini kwamba uokoaji umekamilika, ilhali kumfukua mtu aliye kina cha mita moja ni kuhamisha zaidi ya tani moja ya theluji ambayo, ikishaporomoka na kusimama, hushikana kama sementi iliyoanza kukauka. Mzee alichimba akiwa amesimama juu kabisa ya ufito, kwa hiyo kila alichokitoa kilirudi shimoni, na kama angekuwapo mtu chini angekuwa anamkanyaga. Njia iliyo sahihi ni kuuacha ufito palepale, kushuka upande wa chini wa mteremko umbali wa mara moja na nusu ya kina, na kuchimba kuelekea ndani kwa safu yenye umbo la V, wa mbele akikata vipande na wa nyuma wakivisukuma nyuma kama watu wanaopakua boti kwa kupokezana magunia, wakibadilishana nafasi kabla wa mbele hajachoka. Jaribio la nne lilikuwa dakika 10 na sekunde 50. Tuliridhika kupita kiasi, kama ilivyokuja kuonekana.

Desemba 21

Ninaandika haya usiku huohuo, kabla sijaanza kuyapamba.

Tulikuwa kwenye mlima mmoja magharibi ya Revelstoke. Taarifa ya hatari ilikuwa ngazi ya 3 kati ya 5 kwa miinuko ya juu, kwa hiyo tulibaki chini ya mstari wa miti, kwenye uwazi mmoja ambao tuliuona mdogo mno kuweza kumdhuru mtu. Urefu wake kwenda juu ulikuwa mita 60 hivi, na ulipopimwa baadaye kutoka pembeni ulikuwa na nyuzi 33. Maporomoko mengi ya bamba hutokea kati ya nyuzi 30 na 45, kwa hiyo udogo wake haukuwa na maana yoyote. Mdogo alipanda, akajaribu kugeuka karibu na juu, pikipiki ikapoteza mwendo na mkanda ukajichimbia shimo. Akasema redioni, "Nimekwama."

Kabla hajaliachia kitufe nilikuwa nimeshawasha. Sitaki kuandika kwamba niliamua kwenda, kwa sababu hakukuwa na uamuzi, nilijikuta ninakwenda. Nimekulia kwenye barabara za Tukuyu wakati wa masika, ambako Fuso likizama kwenye tope hakuna anayeuliza la nani: abiria wanashuka, waliovaa nguo za kanisani wanakunja suruali, waliokuwa shambani wanaacha majembe, na anayebaki pembeni akitazama atasemwa hadi mavuno. Mwili wangu ulilijua jambo hilo muda mrefu kabla kichwa changu hakijaijua theluji.

Nilipofika katikati ya mteremko, chini yangu kulitoka sauti nzito, fupi, kama mlango wa ghala unaofungwa na upepo, na theluji yote niliyosimama juu yake ikashuka kidogo. Ufa ukatokea mbele ya ski ya kushoto, upana wa kidole kimoja, ukakimbia kuelekea alipokuwa Mdogo, ukapita mita chache chini ya miguu yake na kupotelea kwenye miti. Hakuna kilichoporomoka. Nilizima injini, na kwa muda ambao siwezi kuukadiria nilisikia pumzi yangu tu ndani ya helmeti.

Tulishuka mmojammoja kupitia kwenye miti. Dada, aliyekuwa chini na Mzee, hakusema lolote hadi tulipofika kwenye magari. Kisha alitufungulia daftari lake na kutuonyesha mchoro: Mdogo juu, mimi katikati, na yeye na Mzee wakiwa wameegesha mahali ambapo poromoko lingekuja kusimama. Bamba lile lingeachia, lingetuzika wanne, na hodari wa kuchimba ndani ya dakika 10 asingebaki hata mmoja.

Desemba 22

Njiani kurudi tulikwama saa moja na nusu karibu na Rogers Pass, mahali barabara inapokata milima ya Selkirk. Barabara kuu ilifungwa ili jeshi la Kanada lipige mizinga ya milimita 105 kwenye vilele vya juu, kuiangusha theluji kabla haijajiangukia yenyewe juu ya magari. Nikiwa nimesimama kwenye foleni niliwasimulia wenzangu kilichotokea hapo usiku wa Machi 4, 1910. Poromoko lilikuwa limeifunga reli ya kampuni ya Canadian Pacific, na wafanyakazi walipelekwa kuisafisha. Walipokuwa ndani ya mfereji waliouchimba, wakiwa na mabeleshi na gari-moshi la kuondolea theluji, poromoko jingine lilishuka kutoka mlima wa upande wa pili. Watu 58 walifariki, na 32 kati yao walikuwa vibarua kutoka Japani. Miaka sita baadaye reli ilihamishiwa ndani ya mlima, kwenye handaki la Connaught.

Mzee aliuliza kama walikuwa na mtu wa kutazama juu. Nikamjibu kwamba ilikuwa usiku na theluji ilikuwa ikianguka. Tulinyamaza hadi foleni ilipoanza kusogea.

Januari 4

Tumeandika upya malengo ya mradi. Zoezi la uokoaji linabaki, lakini limeshuka hadi nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza sasa ni hii: mtu akikwama mteremkoni, hakuna mwingine anayeingia kwenye mteremko huo.

Inaonekana rahisi kwenye karatasi. Lakini ajali za pikipiki za theluji zina sura yake, na sura hiyo inajirudia: mmoja anakwama, wa pili anapanda kumsaidia, na uzito wa pili, ambao kwa mashine peke yake unazidi kilo 200 ikiwa na mafuta, unaongezwa mahali ambapo uzito wa kwanza umeshakaa na kuchimba. Tulisoma pia habari za Harvey Pass, karibu na Fernie, Desemba 28, 2008. Waendeshaji 11 walikuwa eneo hilo katika makundi mawili. Kundi moja lilizikwa, la pili likakimbilia kuwafukua, na wakiwa wanachimba poromoko jingine likashuka juu yao. Wanane walifariki. Hawa hawakuwa watu wazembe. Walikuwa na vifaa, nao walikuwa wakifanya hasa kile ambacho kila mmoja wetu angekifanya.

Mjadala wetu ulidumu saa tatu na haukuwa wa kitaalamu. Mzee alisema kwamba mwanamume aliyelelewa vizuri hawezi kukaa kwenye kiti cha pikipiki akimtazama mwenzake anahangaika, na kwamba kama hiyo ndiyo sheria basi afadhali abaki nyumbani. Dada alimjibu, kwa heshima yote, "Mzee, mtu wa pwani akimwona mwenzake anazama hajitupi tu majini, anatafuta kamba kwanza." Mzee akamwambia kwamba kamba ni kitu cha kumrushia mtu, na akamtaka amwonyeshe kamba yetu. Swali hilo tulishindwa kulijibu siku ile. Nimeliacha wazi hapa kama kazi namba 7.

Januari 23 hadi 26

Kozi imekamilika. Darasani tulikuwa jioni mbili na asubuhi moja. Muda mwingine wote tulikuwa mlimani.

Tofauti kubwa na AST 1 ni kwamba mwaka jana tulipewa majibu, na mwaka huu tulidaiwa sababu. Kila asubuhi saa moja tulitakiwa kuandika mpango kabla ya kugusa pikipiki: taarifa ya hatari inasemaje kwa kila mwinuko, tatizo lenyewe ni la aina gani, liko kwenye miteremko inayoelekea upande upi, na njia tunayoitaka iko daraja gani kwenye kipimo cha ATES, kinachopanga maeneo kwa jinsi yanavyoweza kufikiwa na maporomoko. Kipimo hicho kilianzishwa na Parks Canada mwaka 2004, na toleo jipya la 2023 lina madaraja matano, kuanzia 0, mahali pasipofikiwa na poromoko lolote, hadi 4. Ukiweka ngazi ya hatari upande mmoja na daraja la eneo upande mwingine kwenye kadi ya Avaluator, unapata jibu ambalo halijali umeendesha gari saa ngapi kufika hapo. Siku ya kwanza jibu lilituondolea nusu ya njia tulizozipanga, na mkufunzi hakutoa pole.

Siku ya pili alitupa zoezi ambalo nitalikumbuka kuliko mengine: kuhesabu, kuanzia saa tatu hadi saa sita, kila mteremko unaoweza kuporomoka ambao tuliupita juu yake au chini yake. Mimi nilihesabu 17. Mtu wa ski kwa muda huohuo angekutana na mmoja, pengine miwili, na angekuwa na saa nzima ya kuutafakari huku akipanda kwa miguu. Pikipiki inaufanya mlima kuwa mfupi, na kila mteremko unadai uamuzi wake ambao kasi haikupi nafasi ya kuufanya. Kuanzia hapo tumekubaliana kusimama kabla ya kila uwazi mpya, injini zikiwa zimezimwa, hata kama kusimama kwenyewe kunaudhi.

Siku ya tatu tulichimba shimo. Theluji ilikuwa na kina cha zaidi ya mita mbili, nasi tulikata ukuta wima na kuusoma kwa mkono kutoka juu kwenda chini: ngumi inaingia, vidole vinne vinaingia, kidole kimoja, penseli, kisu. Sentimita 55 chini ya uso palikuwa na mstari wa kijivu, mwembamba kama uzi, ambao nisingeuona kama Dada hakuupitishia brashi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sakitu ya Januari 9. Watabiri wa huku huliita tabaka dhaifu kwa tarehe lilipofunikwa, na jina hilo hudumu msimu mzima, kama watu wa kwetu wanavyohesabu umri wa mtoto kwa mafuriko aliyozaliwa nayo. Tulitenga nguzo yenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30 kuingia ukutani, tukalaza beleshi kwenye pembe moja, na kuligonga mara 10 kwa kiganja kutoka kwenye kifundo, kisha 10 kutoka kwenye kiwiko, na 10 nyingine kutoka begani kama zingehitajika. Hazikuhitajika. Pigo la 13 lilipotua, ufa ulikwenda upande wa pili wa nguzo mara moja, na bamba zima likateleza kuja miguuni petu kama sahani kwenye meza iliyomwagikiwa maji.

Mkufunzi alinyanyua kipande cha bamba hilo na kukigeuza juu chini. Upande wa chini ulikuwa umejaa sakitu, kila unyoya ukiwa umesimama na mistari yake midogo, mzima kabisa baada ya wiki mbili za kuzikwa. Mdogo alivua glavu na kuugusa mmoja. Uliyeyuka papo hapo, naye akasema kwa Kiswahili chake cha nusu, "Hii ndo ilibeba sisi siku ile?" Si hii yenyewe, kwa sababu mwezi Desemba haikuwapo bado, lakini tabaka la aina hiyohiyo. Alitazama kidole chake kilicholowa kwa muda mrefu.

Onyo moja kuhusu shimo nililiandika kwa herufi kubwa: matokeo mabaya ni sababu ya kutosha ya kugeuka, lakini matokeo mazuri si ruhusa, kwa kuwa mita 20 kutoka hapo mambo yanaweza kuwa tofauti.

Kuhusu akili za watu, tulipitia mitego sita iliyoelezwa na mtafiti Ian McCammon, ikiwa ni pamoja na kuzoea mahali, kutaka kukubalika na wenzako, na kumwachia mjuzi mmoja afikiri kwa niaba ya wote. Ni orodha nzuri. Hata hivyo huruma sikuiona humo, na nilimwambia mkufunzi hivyo. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba kwa watu wa pikipiki yeye angeiweka ya kwanza, halafu akatuonyesha namna ya kusubiri: kuegesha nje kabisa ya njia ya poromoko, pikipiki ubavu kwa ubavu na si moja nyuma ya nyingine, pua zikielekea pa kutokea, mabegi yenye puto la kumwinua mtu juu ya poromoko yakiwa mgongoni na kishikio cha kulifumua kikiwa nje, beleshi na ufito ndani ya begi na kamwe si kwenye pikipiki ambayo inaweza kuzikwa kivyake, na macho kwa aliye juu muda wote. Nilifikiri tulikuwa tumesimama tu. Alisema hiyo ndiyo kazi.

Februari 8

Sheria imepata mtihani wake, na aliyeuleta ni Mzee mwenyewe. Alikwama kwenye mteremko wa nyuzi 28, siku ya hatari ngazi ya 2, mahali ambapo kwa kweli mtu angeweza kujenga hoja ya kumfuata. Tulibaki. Alichimba peke yake kwa dakika 31. Tulimwona akipiga magoti, akivuta ski upande, akikaa kupumzika, akiinuka tena. Redioni hakukuwa na sauti, kwa sababu sisi hatukujua la kusema na yeye hakutaka kuomba.

Aliposhuka alivua helmeti na kusema kwa utulivu ambao ulikuwa mbaya kuliko makelele, "Mmenitazama kama sinema." Hakuna aliyemjibu. Mdogo alimpa chai kutoka kwenye chupa yake kwa mikono miwili, naye aliipokea, lakini hakukaa nasi kuinywa.

Ni jioni, hotelini, ndipo alipotueleza. Uchovu haukumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba akiwa ameinamia shimo hakuweza kuona kama bado tupo, na kwa nusu saa alihisi ameachwa. Dada akasema, "Basi hiyo ndiyo kamba." Kazi namba 7 ilifungwa hivyo: anayesubiri, kila baada ya dakika mbili, atasema redioni "Nakuona." Aliyekwama atajibu "Naonekana," au atabonyeza kitufe mara mbili kama mikono imeshika kazi. Akinyamaza mara mbili mfululizo, hilo ni tatizo, na taratibu nyingine zinaanza.

Februari 15

Hatukuendesha. Sentimita 40 za theluji mpya na upepo wa kusini-magharibi juu ya tabaka lilelile la Januari, na ngazi ya 4 kwenye miinuko ya juu na ya kati. Tulifanya zoezi la bikoni kwenye uwanja wa maegesho. Dakika 9 na sekunde 35.

Machi 1

Kadi za maneno zimechapishwa na kuwekewa plastiki, moja imebandikwa mbele ya usukani wa kila pikipiki. Zina maneno 12. Mdogo aliongeza la 13 nyuma ya kadi yake kwa kalamu: "koleo", na mstari juu yake.

Leo tulikuwa Monashee tangu asubuhi. Nilikwama mimi, saa saba na dakika 50, nikiwa wa kwanza na wa pekee kwenye mteremko, na aliyekuwa zamu ya kutazama alikuwa Mzee. Nilichimba dakika 22. Sauti yake ilikuja mara 11, kila mara kwa neno lilelile, mara ya sita akaongeza kwamba ninachimba upande usiofaa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nilipoteremka hadi walipo, alikuwa ameketi kwenye kiti chake kama tulivyofundishwa, begi mgongoni, na glavu za mkono wa kulia zimevuliwa kwa ajili ya kitufe. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa baridi.

Redio yake ilizimika dakika chache baadaye kwa kuishiwa chaji. Kazi zilizobaki: betri ya akiba kwa kila redio, kipaza sauti cha kubana begani ili anayetazama asivue glavu, na kurudia jaribio la mwingiliano wa mawimbi kipaza sauti hicho kikishafungwa karibu na bikoni.